Mamluki Aliyevaa Jina la Bilali

Sina adabu ya kumsifia mtu aliyeniudhi, kwa hiyo nikimtaja Mashaka mnisamehe. Ndiye mwenyekiti wa timu yetu hapa Kibuta, na uwanjani hafiki mpaka mpira uwe umeshaanza. Kocha ni kaka yangu Jabiri. Huyo asubuhi anapalilia mihogo, jioni yuko kiwanjani na watoto wa watu, na mkewe ameshamwambia ahamie hukohuko.

Jabiri ana ubishi wake mmoja: washambuliaji hawanunuliwi, wanalelewa. Bilali, mtoto wa jirani yetu Mwanne, alimchukua hajui hata kufunga kamba za viatu. Akamfundisha kumtoka beki, kutuliza mpira kwa kifua, na kutobishana na refa. Mwaka huu mabao yake ndiyo yaliyotufikisha nusu fainali. Tena kulikuwa na jambo kubwa kuliko kombe lenyewe: timu moja ya vijana ya Kibaha iliahidi kuleta mtu amtazame tukifika fainali. Mwanne alikuwa hali wala halali kwa furaha.

Mashaka akaona mtoto hatoshi. Akaleta mamluki wawili kutoka Dar, ndivyo tunavyowaita wachezaji wa kukodi. "Kocha, mbele pale panataka watu waliokomaa," akasema. Jabiri akamjibu, usiache mbachao kwa msala upitao. Mashaka akacheka. Usajili ulikuwa umeshafungwa, basi siku ya nusu fainali wakavalishwa jezi za vijana wetu, na mmoja akacheza kwa jina la Bilali. Bilali mwenyewe kaketi kando yangu, anamsikia mtangazaji akimsifu kwenye spika. Nilitamani kuuvunja mwavuli wangu kichwani kwa Mashaka.

Tulishinda, sikatai. Lakini mwishoni yule mamluki akamtandika kofi mshika kibendera, akala kadi nyekundu. Keshoye kamati ya mashindano ikamwita Bilali, maana kwao aliyepiga ni Bilali.

Nilikwenda naye na kaka yangu, wala sikualikwa. Mlangoni Mashaka akamvuta mtoto pembeni, nikamsikia kwa masikio yangu: "Ukisema siyo wewe, timu inatolewa. Kibuta nzima itakulaani. Kubali tu, mengine nitayamaliza mimi."

Ndani, Jabiri alisimama akasema kweli yote: huyu hakucheza, tumedanganya. Mshika kibendera hakuwepo kumtambua, na kamati nayo haikutaka kurudia mechi. Wakamuuliza Bilali. Akatazama chini. "Ni mimi, wazee wangu. Naomba radhi."

Akafungiwa mashindano haya na ya mwakani. Kaka yangu akatoka pale anaitwa mwongo.

Njiani Jabiri alitangulia mbele. Mimi nilisema kwa niaba yetu sote. "Wewe Bilali, heshima gani hiyo, ya kumbebea mtu mzima uchafu wake?"

"Shangazi," akasema, "ningekataa, hata mama wangeacha kumsalimia."

Hasira zikanipanda upya, maana alisema kweli. Tungeacha kumsalimia.

Siku ya fainali na timu ya Janga, yule mamluki mwingine hakutokea. Alipata mechi nyingine Mbagala, simu akazima. Mashaka akaja mbio mpaka tulipokaa, jasho linamtoka. "Kocha, mpe Bilali jezi. Tutampa jina lingine."

"Mtoto ana jina lake," Jabiri akasema, na hakuinuka.

Mashaka hajaondoka, akaja mgeni wa kutoka Kibaha. Akatuamkia vizuri, shikamoo kwa kila mkubwa, kisha akauliza, "Samahani, Bilali ni yupi? Nimekuja kwa ajili yake."

Nikamgeukia Mashaka. Nilijua nikisema mimi nitaonekana dada wa mwongo. "Mwambie, Mwenyekiti. Kinywa chako ndicho kinachoaminiwa. Mwambie Bilali ni yupi na ilikuwaje."

Mashaka aliwatazama watu waliojaa pande zote za uwanja, akatazama timu yake inapasha misuli. Akajikohoza.

"Bilali amefungiwa," akasema. "Yule kijana hana nidhamu, alimpiga mshika kibendera."

Mgeni akatikisa kichwa, akashukuru, akaenda zake. Bilali alikuwa amesimama hapohapo, mama yake kamshika mkono.