Nililitia Najisi Pipa la Mzee Shaame

Kosa ni langu. Si la boti, si la suti, si la bahari. Nimekojoa mimi, nikanyamaza mimi, na mzee wa watu akasali na mkojo wangu. Haya, nimesema!

Jina sitoi. Nina miaka kumi na sita, nasoma kidato cha tatu hapa Pemba, na kwa haya nilizonazo hata kwenye daftari langu la siri kosa hili sikuliandika wazi. Niliandika "lile jambo" tu. Leo lile jambo, jana lile jambo, ukurasa mzima. Yaani nalionea haya daftari langu mwenyewe!

Mwaka huu kijijini kwetu kumekuja mafunzo ya vijana ya kupiga mbizi, tujifunze kuhesabu samaki na kukagua matumbawe. Kila Jumamosi. Wasichana tuko wawili, miye na Biubwa, jirani yangu, ambaye mdomo wake hauna mlango. Suti ya mpira inayotuenea ni moja, kwa hiyo mmoja anazama asubuhi, mwengine baada ya Adhuhuri. Anayetufundisha ni Mwalimu Faki. Boti anaendesha Mzee Shaame.

Mzee Shaame lazima nikuelezeni. Ni mtu wa tohara hasa! Akirukiwa na tone la tope anabadilisha msuli aliojifunga. Kuku akipita karibu na mswala wake, anaufua mswala. Anashinda pale pwani kila siku kulinda vifaa, na anatawadha kwenye pipa la buluu la maji matamu lililoko bandani. Bahari yote ile mbele yake, lakini chumvi inamchoma nyufa za miguu. Kila Jumamosi akishasali Adhuhuri anatuombea kwa sauti: "Ewe Mola, wahifadhi watoto hawa huko chini, watoe salama kama ulivyowaingiza." Na miye chini ya maji nilikuwa nikiitegemea dua ile kuliko mtungi wa hewa.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu.

Siku moja Mwalimu Faki alituweka kitako akasema, "Leo somo letu ni haja ndogo ndani ya suti." Mbele ya wavulana sita! Nikajifanya nimeitwa na mama. Nikaenda kujificha nyuma ya ngarawa mbovu mpaka wakamaliza. Dakika zile kumi ndizo zilizoniponza.

Jumamosi iliyofuata zamu ya asubuhi ilikuwa yangu. Nyumbani nilikunywa chai vikombe viwili na muhogo. Kabla ya kupanda boti Mwalimu akauliza, "Nani kabanwa?" Nikatikisa kichwa. Kumbe nimebanwa zamani!

Kule chini baridi ikaniingia. Nikabana. Nikamwona samaki bunju amefura kama mpira, tukatazamana, nikasema moyoni, mwenzangu weye na miye hali yetu moja. Halafu nikaachia.

Joto likashuka magotini, likapanda mgongoni. Wallahi nilistarehe! Mwalimu Faki akanionesha vidole, uko sawa? Nikamjibu kwa vidole, niko sawa. Nilikuwa sawa kuliko siku zote za maisha yangu.

Tulipofika pwani Biubwa kasimama mikono kiunoni. "Vua basi yakhe! Zamu yangu hiyo!"

Nikapata wazimu. Nikaivua suti mbio (ndani nimevaa suruali na fulana ndefu), nikakimbia bandani, nikaizamisha yote ndani ya pipa la buluu. Nikaikamua mara tatu humo humo. Kunyanyua kichwa, Mzee Shaame huyo, na kopo mkononi.

"Maashallah," akasema. "Mwana huyu msafi."

Akachota. Akaosha mikono. Akasukutua. Jamani, akasukutua mara tatu!

Nikafungua mdomo. "Mzee..."

"Sema mwanangu."

"Maji... si ya baridi?"

"Matamu!" akasema. "Leo matamu hasa."

Nikanyamaza. Akasali. Akatuombea dua. Biubwa akavaa suti, akanusa bega, akasema, "Suti hii leo ina harufu ya vyoo vya skuli." Nikacheka kama simo.

Wiki ile sikulala vizuri. Kwenye chuo cha Kurani ustadhi alitufundisha kuwa maji yakifika kiwango kinachoitwa kulateni, najisi kidogo haiyaharibu maadamu hayajabadilika rangi, ladha wala harufu. Alitukadiria madumu makubwa kumi na moja hivi. Basi Jumatatu nilipotoka skuli nikalijaza pipa letu la nyumbani, ambalo ni sawasawa na lile. Dumu moja, mbili, tatu...

Mama akatoka jikoni. "We mwana, unafanya nini?"

"Hesabu, mama."

"Siku hizi hesabu zinafanywa kwa maji?"

Dumu la kumi, pipa likafurika. Kumi! Nilikaa chini pale pale kwenye tope. Dumu moja tu limenikosesha pepo! Na lile la Mzee Shaame siku ile halikuwa hata limejaa.

Alhamisi nikaenda pwani nilimwage. Nimeshaliinamisha, nikamsikia Mzee Shaame nyuma yangu, "Ah! Ah! Mferejini maji hayatoki siku ya tatu leo. Liache hilo, natilia Alasiri udhu." Nikaliinua tena. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikamwekea.

Ikaja Jumamosi ya pili. Biubwa kazama asubuhi, zamu yangu baada ya sala. Mzee Shaame akatawadha kwenye pipa lile lile, akasali, akanyanyua mikono: "Ewe Mola, wahifadhi watoto hawa..." Nilijihisi kama mtu anayelindwa kwa mlango usio na komeo, na komeo kalivunja mwenyewe.

Tukazama. Mara maji yakaingia kwenye miwani yangu. Ni jambo dogo, nimeshafundishwa la kufanya. Lakini nikasema, basi, dua imerejeshwa! Nikaanza kurusha miguu. Mwalimu Faki akanikamata mkono, akanipandisha taratibu. Kichwa kilipotoka tu juu, nikatema mpira wa hewa, nikapiga kelele:

"Nimekojoa!"

"Sasa hivi?" akauliza Mwalimu.

"Wiki iliyopita!"

Mwalimu Faki akacheka mpaka akanywa maji. "Mwanangu, kila mzamiaji hukojoa. Hata mimi! Ndilo somo ulilolikimbia. Unaifungua shingo ya suti baharini, maji yanapita, halafu suti inaoshwa kwa sabuni kwenye beseni lake jekundu."

"Mimi niliiosha kwenye pipa."

Kicheko kikakatika. Juu kwenye boti, Mzee Shaame akazima mashine.

"Pipa lipi?"

Nikatazama pwani. Sote tunajua lile pipa.

Akahesabu vidole. Adhuhuri, Alasiri, Adhuhuri, Alasiri, mpaka vidole vikamwishia akaanza upya. Hakunigombeza. Alisema tu, "Na mimi nikakwita mwana msafi." Heri angenipiga kofi!

Tuliporudi nililimwaga pipa, nikalisugua, nikabeba madumu kumi kutoka mferejini, maji yalikuwa yamesharudi. Yeye akaoga, akabadilisha kila alichovaa, akakaa akirudia sala za wiki nzima, moja baada ya moja, na magoti yale yanayomlia kila akiinama. Nilikaa pembeni mpaka mwisho. Alipomaliza akanyanyua mikono, nikajua leo nalaaniwa. Akasema dua yake ile ile. Mwishoni akaongeza, "Na huyu mmoja, Mola, mpe ulimi."

Nikalia mpaka kamasi.

Biubwa naye, aliyenisikia nikimweleza mzee hata hesabu yangu ya kulateni, alishafika kijijini kabla yangu. Siku hizi siitwi jina langu. Dukani, skuli, hata mdogo wangu, wote wananiita Kulateni. "Kulateni, umejaa leo?" Kwa hiyo ukikaa huku kwetu umeshanijua, na kuficha jina hakukunisaidia kitu!

Wenzangu wenye haya kama miye, nawaombeni. Somo la aibu ndilo la kukaa mbele. Ukibanwa, sema umebanwa. Ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu hajachota!

Na kwa kuwa nimeamua kusema kweli, niimalize. Jumamosi iliyopita nilikojoa tena, suti ile ile. Ila tulipofika pwani, hata miwani sijavua, nikasema mbele ya wavulana wote, "Mimi nimekojoa!"

Mzee Shaame akaondoka mbio, magoti yake yale yale, akalifunika pipa, akakaa juu ya mfuniko.

"Ahsante, Kulateni," akasema, akanyoosha kidole. "Bahari ile pale."