Mtoto wa Kuazima Siku ya Akika

Kwa siku sita Kaltumu, fundi nguo wa mtaa wa Mbugangari, hakushika mkasi. Mama mkwe wake aliuficha tangu alipomwona mjukuu, mdomo wake wa juu umepasuka hadi puani.

"Nilikukataza! Mutu iko na mimba hakatake kitambaa. Ona, umekata mudomo ya mutoto!"

Kaltumu aliumia, kisha akaenda kuuliza katika kituo cha afya. Muuguzi Damascène hakumung'unya maneno. Uso, alisema, haufanyiki kwa mkupuo. Jeni, maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, huziongoza seli fulani zihame kutoka nyuma ya kichwa kuja mbele, nyingine ziwe mifupa ya taya, nyingine gegedu, mpaka pande za mdomo zikutane na kushikana. Agizo moja likienda kombo, huenda zisishikane.

"Ile kazi inaishaka mu wiki ya saba ao nane, mama. We ulikuwa hata hujue kama iko mimba. Mukasi inaingia wapi?"

"Atapona?"

"Docteur atamushona. Bon, kwa sasa umupe maziwa na kijiko."

Siku ya saba ikawa akika: mwalimu wa madrasa humnyoa mtoto nywele mbele ya watu na jina lake hutajwa. Kaltumu alikuwa chumbani akimlisha binti yake aliposikia kichanga kingine kikilia sebuleni, akachungulia. Mama mkwe alikuwa amemwazima mtoto wa jirani yao Belise, mwenye mdomo mzima, ndiye anyolewe! Kusema uongo mbele ya dua, tena kwa kichwa cha mtoto wa watu!

Mumewe, Habib, alisimama mlangoni. "Vumilia, Kaltumu. Ni heshima ya nyumba tu."

"Heshima gani? Huyu ametoka kwako na kwangu. Mi sitamuficha kama kitu ya wizi."

Akatoka naye hadi sebuleni, uso wa mtoto wazi.

"Mwalimu, mutoto ya hii nyumba ni huyu. Ule ni ya Belise, hata jina iko nayo."

Mtu mmoja akacheka. Mama mkwe akafoka, "Unatuvua nguo mbele ya watu!"

"Mama, si mulinyang'anya fundi mukasi?"

Mwalimu aliuweka wembe kando, akamtazama Habib. "Baba, mutoto yako ni nani?"

Habib alisogea, macho chini, akakishika kichwa cha binti yake, yeye ambaye siku zote saba hakuwahi kumbeba.

"Ni huyu," alisema. "Anaitwa Shamimu."

Mwalimu akaanza kunyoa.