Otilia autoa mguu wake kuwa chambo cha usubi

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelala juu ya kijito kilichopo nje kidogo ya Lusewa. Otilia Luoga ameketi juu ya jiwe, kanga ameipandisha hadi magotini, kamera mkononi. Mguu wa kulia ameunyoosha. Anasubiri kuumwa.

"Njooni basi," anawaambia wadudu asiowaona. "Mmekuwa na aibu leo?"

Otilia, mama wa Noela, mwenye miaka thelathini na minne, ana studio ya picha Lizaboni, mjini Songea. Picha za ubatizo, harusi na pasipoti ndizo zilizomlea. Lakini tangu biashara iachiwe huru na filamu zijae madukani, kila mtaa una mpiga picha wake na wateja wamepungua. Ndipo mradi wa kupambana na upofu ulipomwomba apige picha za usubi, yule mdudu mweusi mwenye kigongo, anayeuma mchana na kueneza ugonjwa unaoua macho.

Mdudu mwenyewe kwa ukubwa hafikii punje ya mtama, na Otilia hana lenzi ya kazi hiyo. Alichomoa lenzi ya kamera yake ya Zenit, akaigeuza nyuma mbele ili ikuze vitu vidogo, akaifunga kwa plasta.

"Mafundi wenzangu walinicheka, eti nimeua kamera," anasema. "Nikawaacha wacheke, meno ni yao."

Mwanzo ulikuwa mbaya. Mwezi uliopita alikaa hapa hapa kutwa nzima bila kuumwa. Hironimus Millinga, mtaalamu wa mradi, akaanza kuamini kwamba kijito ni salama. Na kijito kilicho salama hakiwekwi dawa ya kuua usubi.

Aliyekataa ni mama mzazi wa Otilia, Bibi Walburga, aliyelima kando ya kijito hicho maisha yake yote mpaka macho yakazimika.

"Salama?" alifoka. "Basi macho yangu alikula nani? Hebu lete mikono yako hapa."

Akaishika, akainusa, akaguna. "Wewe ulikuwa kwenye bani!"

Kweli. Jioni iliyotangulia, Otilia alimsaidia kaka yake, Remigi, kufunga tumbaku ndani ya bani, banda la kukaushia majani kwa moshi. Alilala na harufu hiyo, akaamka nayo.

"Mimi, mtoto wa mkulima wa tumbaku, nasahau kwamba wadudu wanaikimbia!" anasema akijipiga paji la uso. "Utotoni tulijipaka majani yake miguuni tukienda kuchota maji. Mjini kumenipumbaza."

Safari hii amefikia kwa Mwanne, jirani asiyelima tumbaku, na Remigi amepigwa marufuku kumkaribia.

"Dada ananisalimia kutoka upande wa pili wa shamba," analalamika Remigi, huku akicheka.

Otilia hacheki sana. Kesho kamati ya mradi inakutana Songea kuchagua vijito vitakavyowekwa dawa. Asipopata picha leo, watoto wa kaka yake wataendelea kuchota maji hapa, wakiumwa kama bibi yao alivyoumwa. Mradi humpa vidonge vya kinga, lakini anaogopa, tena sana. Humwona mama yake akipapasa ukuta kutafuta mlango.

Mdudu mmoja anatua karibu na kifundo. Otilia anabana pumzi, anasogeza kamera mpaka inakaribia kugusa ngozi. Mdudu anauma. Damu inachungulia. Mtu mwingine angeshapiga kofi; yeye anabonyeza kitufe, anabonyeza tena.

"Kigongo nimekiona," ananong'ona. "Mabawa mafupi, mapana. Ndiye huyu, mshenzi mkubwa!"

Hironimus, aliyechuchumaa kando yake, anamfunika mdudu kwa kichupa. "Pole, Mama Noela. Picha hiyo ikisafishwa, naipeleka kwenye kamati mwenyewe."

Otilia anajikuna, anashusha kanga. Akiulizwa mipango yake, hataji studio wala kamera mpya.

"Dawa ikishawekwa, nitarudi kila mwaka," anasema. "Nitakaa hapa kutwa, mguu nje, bila harufu ya tumbaku. Namwomba Mungu nirudi Songea sijapiga hata picha moja."