Treni Niliyoipanda Peke Yangu

Nakiri mwenyewe, maana Mkoani nzima washajua. Tulikaa kwao bwana harusi kupanga safari ya kumfuata mke Dodoma. Yeye alitaka tukifika Dar tupande ndege, mjomba wake akataka basi. Mimi nikashikilia treni ya umeme.

"Nishaipanda," nikasema. Papo hapo nikafanywa kiongozi wa msafara.

Uongo mtupu. Chombo kikubwa nilichowahi kupanda ni boti ya Unguja. Nikaeleza kasi ya treni, viti, hata vifuko vya kutapikia. Hakuna aliyeniambia kuwa Bi Time, mzee tuliyekaa naye palepale, karudi kutoka Dodoma juzi kwa treni hiyohiyo.

"Na maboya, mwanangu," akaniuliza kwa upole, "wameyaweka wapi?"

"Chini ya viti," nikamjibu bila kusita. "Kila abiria na lake."