Saa Aliyofichiwa Mugambi

Mugambi ana saa saba za mkono, zote za Uswisi, na hakuna hata moja ambayo amewahi kuivaa kwenye jua la Johannesburg. Akienda kazini benki huvaa ya plastiki, maana nani atasimama kwenye robot, taa za barabarani, na saa ya bei ya gari mkononi? Zile za maana huzivaa jioni, sebuleni, akiwa na soksi. Cheka tu, hata mkewe hucheka.

Mwaka huu moja ilimnyima raha. Ni ile ya kwanza, aliyoinunua alipopandishwa cheo. Bei yake ilikuwa imepanda ajabu, na Damien, Mkongo wa Rosettenville anayenunua na kuuza saa, alikuwa hamwachi apumue kwa simu. "Papa, hii bei itashuka. Unangoja nini?" Mugambi alikuwa anangoja kujua jambo moja tu: akiiuza, atajuta? Maana saa kama hiyo haitengenezwi tena. Ikienda, imekwenda.

Basi akabuni kipimo. Alimpa saa mkewe, Kathambi, mwalimu wa chuo kikuu pale Braamfontein.

"Ifiche. Nikiiulizia kabla baridi haijaisha, haiuzwi. Nisipoiulizia, Damien aichukue."

"Niifiche popote ninapotaka?"

"Popote, Mama Keziah. Wala usiniambie."

Baridi ikaingia, ikakaa. Kila asubuhi Mugambi alijichunguza kama mtu anayejipima homa: je, moyo unaivuta? Hauivuti. Alifurahi mno. Hata kanisani alisimama akajisifu kwamba siku hizi amejifunza kuachilia vitu vya dunia. Kathambi, aliyekaa pembeni yake, alimpigia makofi pamoja na wengine.

Jua lilipoanza tena kuwa na nguvu, akamwita Damien nyumbani siku ya Jumamosi. Damien aliingia, akampa Kathambi mkono, akautazama ule mkono, akasahau kuuachia.

"Maman, kumbe saa yenyewe ni hii unavaa?"

Mugambi alidhani ni mzaha. Akasogea. Ilikuwa yenyewe, kubwa kwenye mkono mwembamba wa mkewe, mkanda umetobolewa tundu jipya ili usipwaye.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku uliyonipa. Nimepanda nayo basi, nimefundisha nayo, nimekupakulia chakula nayo kila jioni. Wanafunzi wanadhani ni ya bandia." Kathambi alisema hayo kwa upole, kama anayesimulia habari za jirani. "Na mimi nilikuwa na kipimo changu, Baba Keziah. Nilitaka kujua utaiona lini."

Mugambi akaanza na wezi: kwenye basi, kweli, angevamiwa je? Aibu ilikuwa imempanda mpaka masikioni, na mgeni yupo anamwangalia.

Kathambi akaifungua saa, akaiweka mezani mbele ya Damien. "Muuzie. Hukuiulizia hata mara moja."

Damien, aliyeisumbukia saa hiyo miezi yote, hakuigusa. Alimgeukia Mugambi.

"Haiuzwi," Mugambi alisema.

"Kwa nini?"

Kathambi hakuuliza kwa kumkejeli. Alitaka kujua kweli. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mumewe, akangoja jibu.