Mfereji wa Mama na Waifai Iliyogoma

Enzi zetu pale mtaani Chechelesi, hapa Isiolo, hata maji yalikuwa na namba. Mfereji ulikuwa mmoja, mtaa mzima unautegemea, na msimamizi wake alikuwa mama yangu. Alikuwa na vifuniko vya kopo alivyovichora namba kwa msumari. Ukifika na mtungi wako anakupa kifuniko, ukishateka unakirudisha, anampa mwingine. Sisi watoto tulikuwa tunaacha mitungi kwenye laini tunakimbilia michezo ya bano na kati, vumbi mpaka kwenye kope, midomo bado inanuka maziwa ya shule, yale ya pakiti ya pembe tatu. Lakini sikio moja liko kwa mama. "Namba moja, mtu mmoja!" alikuwa akifoka. "Sitaki vita hapa!" Na vita vilikuwepo. Kuna jamaa alijichorea kifuniko chake nyumbani, namba saba. Saba wawili wakakutana mferejini, ikawa ni kurushiana mitungi.

Watoto wa leo mfereji wao ni waifai. Ikikatika kidogo tu, utadhani nyumba ina msiba.

Sasa leo asubuhi aliyelia ni mimi. Mama yuko Nairobi hospitalini, ni wa kupasuliwa. Ndugu yetu Hassan, aliyemsindikiza, aliahidi kutupigia video tumwone kabla hajaingizwa thieta saa nne. Kumbe tangu alfajiri mtandao wa simu umelala Isiolo nzima. Imebaki waifai ya nyumbani, na ruta yenyewe ni ya mitumba, tumeichomeka jana bila kuijaribu. Taa zote kijani, lakini simu inazunguka tu: inatafuta anwani ya IP, yaani namba yake kwenye waifai. Inatafuta. Inatafuta.

Binti yangu Nuria akaiangalia kwa jicho moja. "Mathe, hiyo imekufa. Izime, uiwashe." Basi, elimu imeishia hapo! Kucheza densi mbele ya simu wanajua, lakini waulize hiyo namba ambayo simu inapewa kwenye waifai inatoka wapi, wanakutolea macho.

Dada yangu mkubwa, Amina, alikuwa amesimama nyuma yangu na tasbihi. "Halima, saa tatu na nusu imepita. Wallahi mama akiingia bila kutuona, sijui nitafanya nini."

"Dada, nipe nafasi basi!"

Mimi si fundi, nachapia watu barua tu sokoni. Kwa haraka nikakosea neno la siri lililobandikwa chini ya ruta, nikalirudia. Nikaipa laptop yangu ya kazi namba kwa mkono ili ruta ikubali kuniongelesha, nikafungua ukurasa wake, nikapekua. Hapo nikaona: ugawaji wa namba, wanaouita DHCP, umezimwa. Aliyekuwa nayo kabla yetu alikuwa anagawa namba mwenyewe. Yaani maji yapo, mwenye vifuniko hayupo! Nikauwasha. Ikaniuliza itoe kuanzia namba gani. Nikaiambia mia moja mpaka mia moja hamsini, mbali na ile niliyojipa, tusije tukapata saba wawili. Nikabonyeza kuhifadhi, na taa zote zikazima.

"Umeiua!" Amina akapiga kelele. "Halima, umeiua!"

Nami niliamini nimeiua. Nikakaa chini sakafuni. Akilini nilimwona mama akiulizia simu kwenye kitanda cha magurudumu na hakuna anayepiga. Taa moja ikarudi. Ya pili. Simu ya Amina ikapata namba yake, na papo hapo ikaita.

"Mlikuwa wapi nyinyi?" Hassan alikuwa anahema. "Wanamchukua!"

Akageuza simu. Mama, kofia ya kijani kichwani, mdogo kuliko nilivyomjua. "Halima," akasema, "mmekula?" Nikasema tumekula. Uongo mtupu. Kitanda kikaanza kwenda, shuka likamteleza begani. "Hassan, mfunike!" nikaita, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.

Naandika haya tukingoja. Waifai imejaa, Nuria anacheka na simu yake chumbani. Enzi zetu mama akiugua alilala chumba hiki hiki. Tulimkanda miguu, tukamchemshia chai ya tangawizi, na shuka likiteleza unanyoosha mkono tu. Leo nimemwona mpaka mikunjo ya macho, lakini bega lake limeingia thieta likiwa wazi.