Neno Payonia Nililomfundisha Bi Tatu

Mwanangu, ningepewa siku moja ya ujana wangu niirudie niifanye upya, ningeichagua Jumanne moja ya miaka ile ya ujamaa, alasiri, barazani kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Kariakoo. Nimeiandika katika daftari mara nyingi na kila mara nikachana karatasi, kwa kuwa nilijiona ama najitetea ama najionea huruma. Leo naandika tu ninavyokumbuka. Pale nisipokuwa na hakika, nitasema.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimesoma mpaka darasa la saba, basi. Lakini wakati ule ukijua kusoma ulipewa chaki ukamfundishe asiyejua, na mimi nikapewa darasa la ngumbaru: akina mama kumi na wanne, wengi wao rika la mama yangu mzazi. Nikifika nasema, "Shikamooni," wananijibu, "Marahaba, mwalimu," kisha wanakaa mkekani kunisikiliza.  Niliogopa siku watakapogundua kwamba ninachokijua kinaishia karibu sana.

Kati yao alikuwamo Bi Tatu, mpika vitumbua, mtu wa Lindi, mwingi wa maneno. Mumewe alikuwa ameandikisha familia kwenda kuanzisha kijiji kipya ng'ambo ya Rufiji, yeye, mkewe na mjukuu wao wa kike wa miaka miwili. Lori lingewachukua Jumamosi. Jumanne ile Bi Tatu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, yule bwana aliyehutubia mkutanoni katwambia sisi ndio mapayonia. Mume wangu kapiga makofi mpaka viganja vikamuuma, nikimuuliza maana yake, ananiambia nisimsumbue. Ndiyo kitu gani hicho?"

Sikujua. Nilijua ni Kiingereza, na nilihisi lina habari ya kuwa wa kwanza. Nyuso kumi na nne zilikuwa zikinitazama. Nikasema kwa sauti kavu, kama mtu aliyezaliwa nalo, "Payonia ni mtu wa kwanza. Yaani yeye ndiye anayeandaliwa na kupewa kabla ya wengine."

"Wacha wee!" Bi Tatu akacheka. "Mimi Tatu, nipewe wa kwanza! Kwenye foleni ya sukari mimi ndiye nafunga mlango."

Wenzake wakampigia vigelegele. Nikafuta ubao haraka, tukaendelea na somo.

Alhamisi nikaingia kwa jirani yetu Mama Hadija, naye mwanafunzi wangu, nikakuta juu ya jiko lake chuma cha vitumbua cha Bi Tatu. Nilikijua, kilikuwa na mashimo saba na mkono uliofungwa waya.

"Kanipa," akasema Mama Hadija. "Anagawa kila kitu, mwanamke yule. Sufuria, jembe, chandarua. Anasema mapayonia wameshawekewa vyombo huko. Si wewe uliyetufundisha?"

Nikatoka bila kuaga. Nikaenda kwa Mzee Kondo, aliyekuwa karani bandarini miaka mingi na Kiingereza alikitumia kazini. Nilimuuliza kama vile nauliza kwa ajili yangu tu.

"Payonia ni anayepita pasipo na njia," akasema. "Anafyeka yeye, ili wa nyuma wapite. Akifika hakuna aliyemtangulia kumwandalia, kwa hiyo anabeba chake." Akanitazama. "Umeshamwambia nani vingine?"

Nikamweleza. Hakupandisha sauti, na labda ingekuwa nafuu angepandisha.

"Ungesema hujui, binti yangu, ungeonekana mjinga kwa dakika tano. Sasa mama wa watu anaingia porini bila sufuria. Nenda."

Sikwenda. Yaani nilikwenda, nikapita mlangoni kwa Bi Tatu mara mbili. Mara ya kwanza nilijiambia ana wageni. Mara ya pili hakuwa na mgeni yeyote. Niliingia Ijumaa asubuhi, chumba kikiwa kimebaki na mkeka na mabunda mawili ya nguo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo huko hakuna nyumba?"

"Sijui kama ipo, mama. Ila neno halisemi ipo."

"Na sufuria?"

"Neno linasema uende nayo."

Akayatazama mabunda yake mawili. Kisha akasema, "Mimi siwezi kugonga mlango wa mtu nikadai nilichotoa kwa mkono wangu. Utagonga wewe. Na useme kwa nini."

Nikazunguka milango sita. Kila mlango nilisema, "Nilimfundisha uongo, naomba chombo chake." Wapo walionihurumia. Mmoja akaniuliza, "Na kesho ukituambia 'a' ni 'e', tuanze upya?" Hakukosea, ilikuwa haki yake. Jembe lilirudi, sufuria zikarudi, Mama Hadija akatoa chuma cha vitumbua kingali moto.

Kwenye mlango wa sita, chandarua kilikuwa kimeshafungwa juu ya kichanga cha siku tisa. Sikuweza kufungua kinywa. Nikarudi nikamwambia Bi Tatu.

"Mwache," akasema. "Na yeye ana mtoto."

Madukani chandarua kilikuwa hakionekani. Lakini nyumbani kwetu kilikuwapo kimoja, cha mama yangu. Ningeweza kukiomba, na nadhani mama angenipa. Sikukiomba, kwa sababu angeniuliza kisa chote nami nilikuwa nimechoka kuaibika. Hili sikuwahi kumwambia mtu.

Jumamosi, kutoka juu ya lori, mjukuu akiwa mgongoni, Bi Tatu aliniita. "Mwalimu! Wafundishe wenzangu lile neno. Safari hii lote."

Niliwafundisha. Baadaye nilisikia habari zake kwa watu waliotoka huko. Mmoja alisema kijiji kimesimama na Bi Tatu anapika vitumbua. Juu ya yule mjukuu, mmoja alisema homa zilimwandama sana, mwingine akasema ni mzima. Sijui nimwamini yupi, na haitakuwa haki nikichagua ile inayonifaa.

Basi mwanangu, ukiulizwa usilolijua, sema hujui, hata mbele ya watu wanaokuita mwalimu. Ukishakosea, usipite mlangoni mara mbili. Ingia mara ya kwanza. Na neno hili, siku hizi naliona linabandikwa kwa kila mtu, wa kwanza kufungua duka, wa kwanza kupanda jukwaani. Si vibaya, labda ndivyo maneno yanavyokua, mimi si mtaalamu. Lakini kabla hujamwita mtu payonia, mtazame amebeba nini na amepungukiwa nini. Kama unacho nyumbani, mpe kabla lori halijaondoka. Makofi yatasubiri.

Mungu akujaalie ulimi wa kweli na miguu isiyoogopa kurudi. Akupe watu wa kukuuliza, na wa kukusamehe. Amina.